Michezo katika tiba ya farasi

Michezo katika tiba ya farasi ni mazoezi ya watu wenye ulemavu wakiwa juu ya farasi, wakiongozwa na mkufunzi na kushikiliwa na wasaidizi. Hatua za farasi huchezesha nyonga za mpandaji takriban kama anavyotembea mwenyewe. Kuvisha pete nguzoni hunyoosha mikono. Kutupa mpira kapuni hujenga shabaha. Kupita kati ya vigingi hufundisha umakini. Lis Hartel wa Denmark, aliyepooza miguu kwa polio, alitwaa medali ya fedha ya Olimpiki mwaka 1952 mjini Helsinki akiwa juu ya farasi.

Lakini tiba hii ina kikwazo mkoani Morogoro, Tanzania: mbung'o wa nyanda kama za Mikumi hueneza nagana, ugonjwa unaoua farasi. Punda huustahimili zaidi, hivyo wanaweza kutumika badala ya farasi. Uingereza tayari huwatumia katika tiba.