Hewa ya Butembo na ule mlango mdogo wa turbo

Mimi ni mtu wa udongo na mbegu, si wa moteri. Lakini mwezi wa tisa mmoja, tukipandisha mbegu ya viazi kutoka Beni, kamioni yetu ilikufa kabla ya kufika Butembo. Siku tatu chini ya bashi, na mvua, zilitosha kuozesha sehemu ya mifuko. Njo maana nilianza kuuliza.

Historia yenyewe ni ya milima. Mswisi Alfred Büchi aliandikisha wazo lake mwaka 1905: moshi unaotoka kwenye moteri uzungushe gurudumu, na gurudumu lisukume hewa ndani. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alipandisha moteri ya ndege, Liberty, juu ya Pikes Peak, mlima wa mita 4,300 hivi, kuonyesha kwamba turbo inarudisha nguvu ambayo hewa nyepesi inaiba. Sisi wa Butembo tunamwelewa vizuri. Kwa mita zetu 1,700 na zaidi, hewa imepungua karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa, kule makamioni mengi yanakoshukia.

Ila turbo haijui kutosheka. Moshi ukizidi, hewa inazidi. Hewa ikizidi na mazutu yakaongezwa, moshi unazidi tena. Kwa hiyo kukawekwa mlango mdogo wa kupitisha moshi kando ya gurudumu. Oldsmobile Jetfire ya 1962 ilikuwa nao. Saab 99 Turbo, mwishoni mwa miaka ya 1970, njo iliwazoesha watu. Unaendeshwa na kikopo chenye ngozi ya mpira na resori. Tuyo nyembamba inaleta hewa ya turbo. Ikishinda resori, fimbo inasogea, mlango unafunguka.

Kumbe kile kikopo kinapima kwa kulinganisha na hewa ya nje. Resori ikikubali kwa bar 0.8, Mombasa moteri inapata jumla ya 1.8, Butembo 1.6 hivi. Shofere anasikia kamioni imechoka, na hakuna kilichoharibika! Hapo mtu anamshauri azibe tuyo kwa msumari.

Yetu ilikuwa na msumari. Mlango haukufunguka tena, nguvu ilikuja kweli, tukapita makamioni mawili mlimani, na mimi nikashangilia. Kisha juante ya kilasi ikaungua, maji yakachemka.

Wakulima wa Lubero waliotungoja walipanda wiki mbili nyuma ya majirani, na mbegu pungufu.