King'ora, mwano na tahadhari

King'ora (nomino, ngeli ya KI-VI, wingi: ving'ora)
1. Chombo kitoacho sauti kali ya kutangaza hatari.
2. Sauti ya chombo hicho.

Matumizi
Katika miji mingi ya Tanzania, king'ora ni cha gari la wagonjwa, la zimamoto au la polisi, na dereva akisikiapo hupisha njia. Katika ulinzi wa raia, kina maana nyingine. Uingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, sauti ya kupanda na kushuka ilitangaza kuja kwa ndege za adui. Sauti ya mfululizo ilitangaza kwamba hatari imepita. Chombo kilikuwa kimoja, maagizo mawili.

King'ora na mwano
Kwa Wasukuma, na hivyo katika maeneo ya Mwanza kama Mkolani, neno la jirani ni *mwano*: ukelele wa kuita watu penye wizi wa ng'ombe au uvamizi. Mwano humtaka msikiaji atoke na kukimbilia unakotokea. King'ora cha shambulio la nyuklia hutaka kinyume chake: aingie katika jengo imara, akae mbali na kuta za nje na paa, asitoke. Vumbi lenye mionzi huwa kali zaidi saa za mwanzo. Kwa makadirio ya kawaida, baada ya saa 7 mionzi yake hubaki sehemu moja ya kumi, na baada ya saa 49 sehemu moja ya mia. Kwa hiyo, king'ora cha aina hiyo kisitafsiriwe *mwano*: atakayetii neno atatoka nje wakati wa kujificha.

Methali husema, "Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo." Mbiu hutangaza kuwapo kwa jambo, la kufanya husemwa kwa maneno.

Tahadhari
Neno hili lina pande mbili: mamlaka *hutoa* tahadhari, mwananchi *huchukua* tahadhari. Vitenzi huzitenganisha: *kutahadharisha* ni kuonya, *kutahadhari* ni kujihadhari. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hulitumia kwa ngazi: *angalizo*, *tahadhari*, *tahadhari kubwa*. Mvuvi wa Ziwa Victoria anayeyachukulia maneno hayo kuwa visawe hupoteza kipimo cha ukubwa wa hatari.

Zoezi na tukio halisi
Tarehe 13 Januari 2018, wakazi wa Hawaii walipokea kwenye simu ujumbe wa kombora linalokuja, ulioeleza kuwa hilo si zoezi. Ulitumwa kimakosa, ujumbe wa kuusahihisha ulifika simuni baada ya dakika 38. Tangazo la majaribio lianze na neno *zoezi* na kuishia nalo.

Mifano
*Hafifu:* Wakazi wa Mkolani wachukue tahadhari.
*Bora:* King'ora kikilia kwa kupanda na kushuka, ingieni ndani, fungeni milango na madirisha, na msitoke hadi redio itangaze kuwa hatari imepita.

Sentensi ya pili hutaja ishara, hatua na kikomo. Ya kwanza humwachia msikiaji abuni yote matatu.

Angalia pia: baragumu, mbiu, onyo, yowe.