Wanafunzi na sigara: moshi wapungua, nikotini yabadili sura

Takwimu za uvutaji sigara kwa wanafunzi hutokana na swali moja: je, umevuta hata siku moja katika siku 30 zilizopita? Anayejibu ndiyo huhesabiwa kuwa mvutaji wa sasa, hata kama ni sigara moja tu. Mzazi anayesoma takwimu hizi ni vyema alijue hilo kwanza.

Nchini Marekani, wanafunzi wa sekondari wamekuwa wakiulizwa swali hilo tangu mwaka 1991, ambapo asilimia 27.5 walikuwa wavutaji. Mwaka 1997 idadi ilifika asilimia 36.4, kisha ikaanza kushuka: asilimia 15.7 mwaka 2013 na asilimia 6 mwaka 2019. Bei kupanda, matangazo kubanwa na uvutaji kupigwa marufuku sehemu za umma vilichangia.

Hata hivyo, mwaka huohuo wa 2019 utafiti mwingine ulionyesha kuwa asilimia 27.5 ya wanafunzi wa sekondari walitumia sigara za kielektroniki. Sigara ilikimbiwa, nikotini ikabaki. Kufikia mwaka 2024 hizo nazo zilikuwa zimeshuka hadi asilimia 7.8.

Hapa Kenya, utafiti wa mwaka 2013 kwa wanafunzi wa miaka 13 hadi 15 uligundua kuwa asilimia 9.9 walitumia tumbaku ya aina moja au nyingine: wavulana asilimia 12.8, wasichana 6.7. Hesabu hiyo inajumuisha pia tumbaku isiyo ya moshi, kama vile ugoro na ile ya kutafuna.

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18. Inakataza pia kuuza sigara moja moja, na hapo ndipo penye pengo: mtoto hana pesa ya pakiti, lakini ya sigara moja hakosi, na vioskini bado inapatikana.

Wazazi wengi wamezoea kunusa shati la mtoto anaporudi nyumbani. Vifuko vya nikotini, vinavyobanwa kati ya mdomo na ufizi, havitoi moshi wala havinuki sigara. Kwa hivyo kuzungumza na mtoto mapema, na kujua pesa zake za matumizi zinaishia wapi, kutafichua mengi kuliko pua.