Mashua mbili zilizopita Fungurume mbele ya mvua

Leo siandiki juu ya mahindi. Lakini hadithi yenyewe inaanzia kwenye magunia ya mbolea.

Mwaka mmoja, mwezi wa saba, tulikuwa tunapeleka mbolea katika vijiji vya upande wa kaskazini wa Fungurume. Wote wenye kufanya kazi ya mashamba huku Katanga wanajua juu ya nini mbolea inapelekwa mapema hivyo: mvua ikianza, barabara inakufa. Kamyo ikapanda mlima, ikashuka upande wa pili, na pale chini tukasikia mlio. Resori ya nyuma imevunjika. Jua lilikuwa linazama.

Wale wanaofikiri Kongo yote ni joto, hawajalala ndani ya kamyo mwezi wa saba kwenye milima ya Katanga. Tulikuwa watu wanne na blanketi moja. Asubuhi majani yote yalikuwa meupe kwa umande wa baridi, na vidole havikubali kushika kitu.

Saa tatu akafika fundi mmoja mzee juu ya kinga yake, funguo zote ndani ya mfuko wa unga. Hakuwa na resori mpya. Alizunguka kamyo mara mbili, akaingia porini na shoka, akarudi na kipande cha mubanga. Akakichonga, akakiweka mahali pa ile chuma iliyovunjika, akakifunga kwa vipande vya mpira wa ndani ya gurudumu. Nikamuuliza:

“Papa, tutafika?”

“Mutafika, mwana. Lakini usiniharakishe. Hapa hata mashua zimepita.”

Nilicheka. Mashua juu ya mlima? Yeye hakucheka. Alisema babu yake alikuwa anasimulia hivyo: wazungu walipita na mashua mbili, zinavutwa na mashine ya moshi, na vijiji vikaitwa kukata miti.

Nilirudi Likasi na nikaanza kusoma. Mzee alikuwa anasema kweli.

Turudi mwezi wa nane wa 1914. Vita vya kwanza vya dunia vimeanza Ulaya, na Ziwa Tanganyika linakuwa mpaka wa vita. Ng'ambo ile, Kigoma, kuko Wajerumani. Ng'ambo hii kuko Wabelgiji. Tarehe 22 ya mwezi huo, meli ya Wajerumani Hedwig von Wissmann ilishambulia meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, ikaiharibu. Kutoka hapo Wajerumani wakawa wenye ziwa. Wanapeleka askari pa kila mahali wanapotaka, na hakuna wa kuwazuia. Mwezi wa pili wa 1915 wakashusha majini pa Kigoma meli kubwa zaidi, Graf von Götzen, ya urefu wa karibu mita 70. Ilitengenezwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa ndani ya masanduku, halafu ikaunganishwa tena pale ziwani.

Mwezi wa nne wa 1915, mwindaji mmoja aliyeitwa John Lee, aliyejua sana Afrika, alifika London kwa wakubwa wa jeshi la majini na wazo lililoonekana kama wazimu: tuchukue mashua ndogo za moteri, zenye mbio, tuzipeleke kwa meli mpaka Cape Town, kwa gari moshi mpaka Katanga, halafu tuzivute juu ya milima. Wakakubali. Mashua mbili zikachaguliwa, kila moja ya urefu wa mita 12. Komanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka kuziita Paka na Mbwa, wakubwa wakakataa. Akaziita Mimi na Toutou, maneno ya watoto wa Ufaransa kwa paka na mbwa. Sisi wa Kiswahili tunasikia “Mimi” kwa namna yetu, na nitarudia neno hilo mbele kidogo.

Zilitoka Uingereza katikati ya mwezi wa sita. Mwanzo wa mwezi wa nane gari moshi ilikuwa imezifikisha Fungurume, kwa ile njia ya reli inayotoka Lubumbashi na kupita huku kwetu. Pale Fungurume reli ikaishia. Ilikuwa bado inajengwa, ni mpaka 1918 njo ilifika Bukama. Angalieni bahati hiyo: miaka mitatu baadaye safari hiyo ingekuwa ya kukaa tu ndani ya behewa. Lakini 1915, kutoka Fungurume mpaka Sankisia, karibu na Mto Lualaba, kulikuwa pori, mabonde na milima ya Mitumba.

Waliondoka tarehe 18 mwezi wa nane, wakafika Sankisia tarehe 28 mwezi wa tisa. Ni kama kilomita 235 kwa siku 41. Pigeni hesabu: haifike hata kilomita 6 kwa siku. Mtoto wa shule anatembea zaidi.

Mashua zilikaa juu ya magari ya magurudumu, na mbele kulikuwa mashine mbili za mvuke, zile nzito kama gari moshi isiyo na reli. Mashine hizo hazikuwa na huruma kwa barabara. Kila kijito kilitaka daraja, na daraja zilizojengwa zinahesabiwa zaidi ya 150. Nyingine zilivunjika chini ya uzito, na kazi ikaanza upya: inua mashine, tafuta miti, tengeneza, jaribu tena. Kwenye mipando mikali mashine peke yake haikuweza. Njo pale wakafunga makumi ya ng'ombe, na kamba na roda kwenye mti mkubwa, ng'ombe wanavuta wakishuka ili mashua ipande. Walifika mpaka karibu mita 1.950 juu ya bahari. Na kushuka kulitisha kuliko kupanda, juu mzigo ukiponyoka hakuna wa kuusimamisha.

Hapa naomba ruhusa ya kusema kama mtu wa agronomia. Vitabu vinasifu ujasiri wa komanda na wa mafundi wake. Mimi naona kalenda. Safari hiyo iliwezekana kwa sababu ilikuwa kiangazi. Kama wangechelewa mpaka mwezi wa kumi na moja, udongo wetu mwekundu ungemeza mashine zote mbili mpaka kwenye ekseli. Tena kiangazi kinatoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine: barabara imekauka, lakini na vijito pia. Mashine ya mvuke inakula kuni na inakunywa maji siku nzima. Kuni zilikuwapo, miombo ya miaka mingi, yenye moto mkali. Maji hayakuwapo. Mahali fulani mashine zikasimama kabisa kwa kiu.

Nani alizinywesha? Wanawake wa vijiji. Walibeba maji kwa vyungu na vibuyu juu ya kichwa, kutoka mbali, wakayamwaga ndani ya tumbo la mashine. Nilisoma habari hiyo mara mbili. Katika mwezi ule visima vinakauka, mama anatembea mwendo mrefu kwa maji ya ugali wa watoto wake. Yale maji mashine ilikunywa, yalitoka kwenye nyumba gani? Na wale wanaume mia kadhaa waliokata miti na kujenga daraja mwezi wa nane na wa tisa, nani aliandaa mashamba yao mbele ya mvua? Kwetu kipindi kile njo cha kulima na kuchoma. Ukipoteza wiki sita hapo, njaa unaiona mwezi wa pili. Wakati wa ukoloni mkubwa wa kijiji aliambiwa kutoa watu, hakuulizwa.

Kutoka Sankisia, reli fupi iliwapeleka Bukama. Lualaba ilikuwa na maji madogo, mwisho wa kiangazi, na mashua zilikwama kwenye mchanga mara nyingi. Wakafika Kabalo, wakapanda tena gari moshi, na mwisho wa mwezi wa kumi wakaona ziwa, pale tunaita leo Kalemie.

Vita vyenyewe vilikuwa vifupi. Tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili, Mimi na Toutou walikamata meli ndogo ya Wajerumani, Kingani. Wakaitengeneza na kuiita Fifi. Tarehe 9 mwezi wa pili 1916 wakazamisha Hedwig von Wissmann. Watu wa ziwa walimpa Spicer-Simson jina la Bwana Chifungatumbo, juu ya ile sketi aliyopenda kuvaa. Graf von Götzen yeye hakuigusa. Wajerumani wenyewe waliizamisha tarehe 26 mwezi wa saba 1916 walipokuwa wanakimbia Kigoma.

Lakini kuna jambo moja la meli hiyo linalonigusa zaidi ya mizinga. Mbele ya kuizamisha, mafundi wa Wajerumani walipaka injini zake mafuta mazito, kila sehemu, ili maji yasiile. Askari anazamisha, fundi anatunza. Mwaka wa 1924 Waingereza wakaiinua kutoka chini ya ziwa, na 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Kwa miaka mingi imebeba watu, samaki na mahindi kati ya Kigoma na Mpulungu kule Zambia, na moteri ya dizeli ikachukua nafasi ya mvuke. Waliozaliwa Kalemie, Moba ao Uvira wanaijua kwa jina tu ama kwa macho. Iliishi kwa sababu mtu fulani mwenye mikono michafu alifikiri kesho.

Sasa jiulizeni: mtu yule anaitwa nani? Na aliyechonga daraja ya kwanza nje ya Fungurume? Na mama wa kwanza aliyemwaga maji ndani ya mashine? Tunajua jina la komanda, jina la mwindaji, jina la kila mashua, hata sketi ya bwana tunaijua. Mashua inaitwa Mimi, lakini wale walioibeba hakuna aliyeandika “mimi nilikuwa pale”. Karatasi zinasema tu “wafanyakazi wa kienyeji”, halafu hadithi inaendelea. Na haikuwa mara moja: katika vita vile, wapagazi wa Kongo walihesabiwa zaidi ya laki mbili, wengine wakatembea nyuma ya jeshi mpaka Tabora. Wangapi mnajua jina lao?

Nilikuwa tayari kuwakasirikia wazungu wa 1915. Halafu nikakumbuka rapporti yangu.

Ile kamyo ya mbolea ilifika. Kipande cha mubanga kilishika mpaka kijiji cha mwisho, na kikashika tena mpaka tuliporudi. Wakulima walipata mbolea mbele ya mvua. Mimi, licencié, nikakaa pa Likasi mbele ya ordinatere, nikaandika: magunia yamefika, panne ya kamyo, kuchelewa siku mbili. Basi. Fundi aliyetuokoa hayumo. Tulimlipa, tukamshukuru, tukapeana mikono, na sikumuuliza jina. Ningetofautiana nini na yule aliyeandika “wafanyakazi wa kienyeji”? Yeye alikuwa mgeni. Mimi ni mtoto wa hapa, nasema lugha ya yule mzee, na babu yake pengine alikata miti ya zile daraja.

Sisi wa vyuo vikuu tunalalamika kwamba historia ya Katanga imeandikwa na wengine. Ni kweli. Lakini kila wiki tunaandika wenyewe: mémoire, rapporti za projet, rapporti za stage. Ndani yake kuko tarehe, kilo na bei. Mtu aliyetuonyesha udongo, mama aliyetupikia, kwado aliyeziba gurudumu saa nane ya usiku, hawamo. Miaka mia ikipita, mtu atasoma karatasi zetu na kufikiri magunia yalijipeleka yenyewe.

Kwa hiyo, wenye babu na bibi upande wa Fungurume, Bunkeya, Lubudi ao Bukama, mkienda likizo waulizeni juu ya mashua zilizopita porini. Waliokuwapo wamekufa zamani, lakini simulizi huwa inalala ndani ya nyumba mpaka mtu aulize. Andikeni jina la mnenaji, jina la kijiji, na maneno yake kama alivyoyasema.

Juzi nilifungua ile rapporti yangu ya zamani. Pale nilipoandika “panne”, nimeongeza mstari mmoja: resori ilitengenezwa na fundi wa kijiji, kwa kipande cha mubanga. Mahali pa jina nimeacha wazi. Kiangazi hiki tunapita tena barabara ile, na safari hii nitaanza kwa kuuliza jina.