Old Number One

Old Number One (yaani "Namba Moja la Zamani") ni gari la mbio aina ya Bentley Speed Six lililoundwa nchini Uingereza. Lilishinda Mbio za Saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1929 na tena mwaka 1930. Linajulikana pia kwa kesi ya mwaka 1990, ambapo mahakama ilitakiwa kuamua kama gari lililobaki ni lilelile lililoshinda.

Mashindano

Injini yake ya awali ilikuwa na silinda 6 na ujazo wa takriban lita 6.5. Mwaka 1929 liliendeshwa na Woolf Barnato na Tim Birkin, na magari ya Bentley yakachukua nafasi zote nne za kwanza. Mwaka uliofuata Barnato alishinda akiwa na Glen Kidston. Barnato hakuwa dereva tu. Alikuwa mwenyekiti na mfadhili mkuu wa Bentley, kwa mali aliyorithi kutokana na almasi za Kimberley, Afrika Kusini. Hata hivyo kampuni ilifilisika mwaka 1931 ikanunuliwa na Rolls-Royce.

Gari liliendelea kushindana kwenye uwanja wa Brooklands, Uingereza, likafungwa injini ya lita 8. Katika mbio za maili 500 za Septemba 1932 lilivuka ukingo wa juu wa njia na kuanguka nje. Dereva Clive Dunfee alifariki papo hapo. Nduguye Jack ndiye aliyekuwa akipokezana naye usukani.

Matengenezo na kesi

Baada ya ajali liliundwa upya kuwa gari la barabarani lenye paa. Miongo mingi baadaye mmiliki mwingine alilirudishia umbo la gari la mbio, na mwaka 1990 kampuni moja ikakubali kulinunua kwa takriban pauni milioni 10. Kisha mnunuzi akakataa kulipa, akidai kwamba vipuri vya mwaka 1929 vilivyobaki ni vichache mno. Ni swali la jembe la babu: likibadilishwa mpini, kisha chuma chake, je, bado ni la babu?

Jaji Otton wa Mahakama Kuu, London, alikubali kwamba gari hilo si lile la awali kwa maana ya vipuri vyake. Lakini alikataa kuliita nakala. Lilibadilishwa hatua kwa hatua bila historia yake kukatika, na hakuna Bentley nyingine inayoweza kudai jina hilo. Kwa hiyo aliamua kuwa ni Old Number One halisi, na mnunuzi akashindwa kesi.