Watu wa Mungu, na Mikono Iliyoinuliwa

Bwana Yesu asifiwe, watu wa Mungu!

Mkishaitika amina, tulitazame hilo jina. Ninawaita hivyo karibu kila asubuhi. Katika nchi hii ya Mlima Kenya kuna wakati jina hilo liliweza kukuletea risasi.

Jumapili iliyopita mzee mmoja Mkorino, kilemba cheupe kichwani, aliingia kuabudu nasi hapa Chaka. Tulipoanza kuomba akatetemeka. Nikaona vijana wawili wakicheka, mmoja ametoa simu amrekodi. Siwatupii mawe. Nikiwa mvulana nami niliwacheka Wakorino, tukiwafuata nyuma njiani na kuigiza ngoma yao. Jioni hiyo dada mmoja akaniandikia: "Pastor, haya mambo ya kuinua mikono na kuomba kwa sauti, si tuliletewa na Wamarekani wa televisheni?"

Dada, hapana. Simama Chaka alfajiri, kabla mawingu hayajapanda, uone Kirinyaga ulivyo wazi. Guka zetu walisimama chini ya mugumo, wakainua mikono kuuelekea mlima huo, wakamwomba Ngai mvua, na mkutano ukaitika "thaai". Hawakuabudu mawe wala theluji. Walisema Ngai, Mwene-Nyaga, ana makao yake huko.

Wamisionari walipofika, Wakonsolata wakianzia Tuthu mwaka 1902 na Waskoti wakifika Tumutumu miaka michache baadaye, jina la Ngai lilibaki. Agano Jipya la Kikuyu lililotoka mwaka 1926 linamwita hivyo. Lakini mikono ilishuka. Mtu wa misheni alijulikana kwa kufumba macho na kuinamisha kichwa. Si vibaya, shosho zetu waliomba hivyo na Mungu akawasikia. Ila kuna kitu kiliachwa nje ya mlango.

Kitu hicho kilirudi kupitia watu ambao hawakuwa na cheo chochote. Karibu na mwaka 1926, huko Kiambu, Joseph Ng'ang'a alijitenga na watu, akakaa miaka kadhaa akiomba na kusoma Neno. Mwaka 1929 ukaja ugomvi mkubwa kati ya misheni na Wakikuyu juu ya tohara ya wasichana, na wengi wakayaacha makanisa. Vikundi vya maombi vikaanza kutembea kijiji hadi kijiji. Waliitwa Arathi, yaani manabii, na pia waliitwa Watu wa Mungu. Hakuna misheni ya Kipentekoste iliyowalea. Ile ya Wakanada ilikuwa mbali, Nyang'ori, magharibi ya Kenya.

Jomo Kenyatta aliwaeleza katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938. Hakuwa mmoja wao, aliwatazama kama mtu anayechunguza mila, lakini tazama alichoona: wakiomba, waliinua mikono juu wakiuelekea Mlima Kenya, wakatetemeka, wakanguruma kama simba na chui, na kutetemeka huko walisema ni Roho Mtakatifu anaingia. Basi yule mzee wa Jumapili hakuanza jana.

Serikali ya mkoloni iliwahofia. Watu wanaokusanyika usiku msituni, hawana mzungu wa kuwasimamia, na wengine wamebeba pinde na mishale. Wao walisema hiyo ni ishara ya vita na pepo. Polisi hawakuisoma hivyo. Tarehe 2 Februari 1934, katika msitu wa Ndarugu, walipigwa risasi watatu: Joseph Ng'ang'a mwenyewe, Samuel Muinami na John Mung'ara.

Sikubaliani na yote ya Wakorino. Kukataa hospitali, kwa mfano, sitawafundisha kamwe. Dawa nayo ni rehema ya Mungu. Lakini soma 1 Timotheo 2:8 uone Paulo anataka watu waombe wakiwa wamefanya nini na mikono yao. Soma Kutoka 17, mikono ya Musa ilipochoka na Haruni na Huri wakaishikilia mpaka jua likatua. Mikono inachoka, wapendwa. Kesha zetu zina blanketi, chai ya tangawizi na spika, na polisi wakija kutoka Kiganjo, wanakuja kuomba nasi.

Jumanne nilimtafuta yule mzee sokoni nikamwomba msamaha kwa niaba ya vijana wetu. Akacheka tu. Akasema atakuja kesha ya Ijumaa, ila akauliza kama ataruhusiwa kuvua viatu mlangoni. Nikamwambia nitavua pamoja naye.

Tunaanza saa tatu usiku. Beba sweta, baridi ya mlima mnaijua. Na wale vijana wawili, mnajijua, nimewawekea nafasi mbele, kando yake.