Mfarishi mdogo wa viraka vya majira

Mfarishi mdogo wa viraka una tabaka tatu: uso wa vipande vilivyoungwa, pamba katikati na bitana chini, vyote vikishikwa kwa mishono inayopenya hadi upande wa pili. Nchini Marekani hutundikwa ukutani au hutandikwa mezani kufuata majira: rangi ya chungwa na kahawia majani yanapopukutika, nyekundu na kijani Krismasi ikikaribia. Wengi huuona kuwa pambo la sikukuu tu, lakini rangi ndiyo inayobeba maana yake. Katika ruwaza iitwayo Log Cabin, vipande vyembamba huzunguka mraba wa katikati, ambao kwa desturi ni mwekundu, nusu moja ikiwa angavu na nyingine ya giza. Badili vitambaa tu, na ruwaza ileile itaonyesha vuli au machipuko bila picha ya jani wala ua. Udogo nao hausamehe: mshono wa robo inchi, yaani takriban milimita 6, hula kila upande, hivyo kipande cha sentimita 4 hubaki chini ya 3.

Mfarishi wa viraka husifiwa pia kwa kutumia mabaki ya vitambaa, lakini wapo wanaopinga wakisema kwamba siku hizi vitambaa hununuliwa vipya, basi hakuna kubana matumizi. Ni kweli kwa kiasi, na biashara haikuanza leo: miaka ya 1930 magunia ya unga yalichapwa maua ili kuwavutia wanunuzi washonaji. Hata hivyo, kila mfarishi mkubwa huacha vipande visivyotosha blanketi jingine, na kwa mfarishi mdogo vinatosha.